Redio mbili zilizobaki nje: kisa cha Uvalde na kiti cha kamanda kilichokosa mtu

Pete Arredondo alipofika Shule ya Msingi ya Robb mjini Uvalde asubuhi ya Mei 24, 2022, siku kijana mwenye bunduki alipoivamia shule hiyo, alikuwa na redio mbili za mawasiliano. Aliziacha chini kabla hajaingia jengoni. Moja, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, ilikuwa na antena ndefu ambayo ingemchapa akikimbia. Nyingine ilikuwa na kibanio kinachoachia ovyo. Alitaka mikono yake yote miwili iwe huru kwa ajili ya bunduki.

Ni uamuzi wa sekunde moja, wa mtu anayekimbilia kwenye milio ya risasi huku wengine wakiikimbia. Ukimtazama kama askari, ni vigumu kumlaumu. Lakini Arredondo hakuwa askari tu. Alikuwa mkuu wa idara ya polisi wa shule, na mpango wa dharura wa wilaya, ambao yeye mwenyewe alishiriki kuuandaa, ulisema mkuu wa polisi wa shule ndiye atakayesimamia kazi yote ya polisi na waokoaji endapo mtu mwenye silaha atavamia. Zile redio zilikuwa ofisi yake. Siku hiyo ofisi ilibaki nje na mwenye ofisi akaingia ndani.

Uvalde ni mji wa Texas, Marekani, wenye watu wapatao 15,000, wengi wao wa asili ya Mexico, kiasi cha kilomita 130 magharibi mwa San Antonio. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la kueleza kwanza. Huku kwetu polisi ni chombo kimoja cha taifa. OCS wa kituo cha pembezoni na kamanda wa mkoa wako kwenye ngazi moja ya amri, na tukio likizidi uwezo wa kituo linapanda juu, kila afande akijua anampigia nani saluti. Marekani si hivyo. Mji una polisi wake, kaunti ina sherifu wake, jimbo lina askari wake, serikali kuu ina walinzi wa mpaka, na Texas inaruhusu hata wilaya ya shule kuwa na idara yake ya polisi. Ya Uvalde ilianza 2018. Ilikuwa na maafisa sita, mkuu akiwa mmoja wao, kwa wanafunzi karibu 4,000. Hakuna hata chombo kimoja kati ya hivyo kilicho juu ya mwenzake kwa jambo la namna hii. Ndiyo maana karatasi inayotaja nani ataongoza siku ya balaa huwa nzito kuliko nyota za begani.

Saa zote hapa nimeziandika kwa hesabu yetu ya Kiswahili.

Kengele iliyozoeleka

Kijana wa miaka 18, aliyewahi kusoma hapo Robb, alimpiga risasi bibi yake nyumbani, akachukua gari, na saa 5:28 asubuhi akalitumbukiza mtaroni karibu na shule. Saa 5:33 aliingia kwa mlango wa magharibi, ambao ulikuwa umerudishwa lakini kitasa hakikujifunga. Aliingia madarasa ya 111 na 112, yaliyounganishwa kwa mlango wa ndani, na katika dakika tatu hivi za mwanzo akafyatua risasi zaidi ya 100.

Taarifa ya kwanza ilitoka kwa mwalimu wa michezo aliyemwona uwanjani na kuita kwa redio ya shule. Mwalimu mkuu akajaribu kutuma tahadhari kwa programu ya simu ambayo wilaya ilikuwa imeinunua kwa kazi hiyo hiyo. Intaneti ya shule ilikuwa dhaifu, ikamsumbua. Vipaza sauti vya madarasani havikutumika kutangaza kwamba milango ifungwe. Walimu wengine waliipata tahadhari, wengine hawakuipata, na kati ya walioipata wapo walioichukulia kuwa ni yale yale ya kila siku.

Hili la yale yale linahitaji kutazamwa. Uvalde iko kwenye njia za wasafirishaji wa wahamiaji kutoka mpakani. Gari likifukuzwa na polisi, dereva hulisimamisha ghafla au kuligonga, abiria wote wanaruka na kutawanyika mitaani. Kila likitokea hivyo jirani, shule zilifungwa kwa tahadhari. Kamati ya Bunge la Texas iliyochunguza mauaji haya iliambiwa kwamba tangu mwishoni mwa Februari 2022 kulikuwa na tahadhari 47, na tisa katika kila kumi zilihusu magari hayo. Miezi mitatu, tahadhari 47. Kengele inayolia kwa kasi hiyo huishia kuwa kama honi ya daladala: unaisikia, hugeuki. Zaidi ya hapo, tahadhari ile haikuwa na namna ya kumtofautishia mwalimu kati ya mhamiaji anayekimbia barabara ya pili na mtu mwenye bunduki ya kivita aliye kwenye korido yake.

Binafsi ningeanzia hapo kabla ya kumgusa Arredondo. Lakini maofisa wa jimbo walianza kwake, na magazeti yakafuata.

Mkuu aliyegeuka askari wa kwanza

Polisi wa kwanza waliingia jengoni kiasi cha dakika tatu baada ya mshambuliaji, Arredondo akiwa miongoni mwao. Kwa kasi hawakuwa na kosa. Saa 5:37 walisogelea madarasa yale mawili, risasi zikatoka ndani, maafisa wawili wakakwaruzwa, wote wakarudi nyuma hadi mwisho wa korido. Mlango haukuingiwa mpaka saa 6:50 mchana. Jumla ni dakika 77 tangu kijana aingie. Watoto 19 na walimu wawili waliuawa.

Saa 5:40 Arredondo alikipigia simu kituo cha polisi wa mji kwa simu ya mkononi. Alieleza kwamba hana redio, kwamba mtu yule ana bunduki kubwa kuliko walizo nazo, na akaomba kikosi maalumu. Kwa kuisoma harakaharaka, simu hiyo ni taarifa nzuri tu: yuko wapi, anakabili nini, anahitaji nini. Kilichokosekana ni jambo moja. Hakusema nani anaongoza, wala watakaofika waripoti wapi na kwa nani.

Kuanzia hapo alilishughulikia tukio kama la mtu aliyejifungia chumbani, na wala si la mtu anayeendelea kuua. Kwa polisi hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Aliyejifungia unampa muda: unamzungushia askari, unazungumza naye, unasubiri kikosi. Anayeua unamfuata hata kama uko peke yako. Polisi wa Marekani walijifunza hilo kwa uchungu mwaka 1999, shule ya Columbine ilipovamiwa, watu 13 wakauawa huku askari wa kawaida wakisubiri kikosi maalumu nje. Mafunzo yakabadilishwa nchi nzima. Idara ya Arredondo ilikuwa imeandaa mafunzo hayo hayo Machi 2022, miezi miwili kabla. Kenya inalijua somo hili kwa njia yake: wanaolikumbuka shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, watu 148 waliouawa na saa zilizopita kabla ya kikosi maalumu cha Recce kufika kutoka Nairobi, hawahitaji kuelezwa kusubiri maana yake nini.

Arredondo akahamia kwenye kutafuta funguo. Alijaribu rundo la funguo kwenye milango ya madarasa mengine, akitafuta ufunguo malaya, ule unaofungua kote. Wakati huo maafisa wengine walikuwa wakivunja madirisha kwa nje na kuwatoa watoto wa madarasa mengine, na tuwe waadilifu: kazi hiyo iliokoa maisha, naye aliiona kuwa ya kwanza. Lakini kitasa cha darasa la 111 kilijulikana shuleni kuwa ni kibovu, na kamati ya Bunge iliona kuna uwezekano mkubwa kwamba mlango ule haukuwa umefungwa kwa ufunguo muda wote. Hakuna aliyekwenda kushika kitasa akajaribu.

Kamanda hupaswa kuwa pale taarifa zinapokutana. Mtu aliyekuwa ofisini shuleni au karibu na redio angeweza kuuliza, "Ufunguo wa 111 uko kwa nani, na kitasa chake kina nini?" Mwenye dhamana ya kuuliza alikuwa upande wa kusini wa korido, hana redio, ana bastola mkononi na bunda la funguo mkono wa pili, na kundi kubwa la maafisa likiwa upande wa kaskazini ambako hakuwa na mawasiliano nalo ya maana.

Habari zilizofika zisitue

Saa 5:48 afisa mmoja wa polisi wa shule, mmoja wa wale sita, aliingia kwenye korido na kuwaambia wenzake kwamba mkewe, mwalimu wa 112, amempigia simu na kusema amepigwa risasi. Fikiria uzito wa habari hiyo. Ndani kuna majeruhi aliye hai, anayezungumza. Maana yake hii si kazi ya aliyejifungia, ni kazi ya kuingia. Wenzake walimshika, wakamnyang'anya silaha, wakamtoa nje. Nawaelewa: mume anayetaka kukimbilia mlango ule angeuawa. Ila walimtoa mtu pamoja na habari yake. Mkewe alitolewa akiwa hai zaidi ya saa moja baadaye, akafa.

Saa 6:03 msichana mmoja wa darasa la 112 alipiga 911, namba ya simu ya dharura. Alipiga tena na tena. Saa 6:12 mpokea simu alitangaza kwenye redio ya polisi wa mji kwamba kuna mtoto amepiga kutoka 112, na kwamba chumba kimejaa waliopigwa risasi. Saa 6:16 mtoto alisema wanafunzi wanane au tisa bado wako hai. Saa 6:21 zikasikika risasi nne nyingine kutoka ndani. Saa 6:47, sauti ya chini: tafadhali mleteni polisi sasa. Polisi walikuwa nyuma ya mlango, hatua chache tu kutoka kwa mtoto huyo, makumi yao.

Hapo ndipo utaratibu wa taarifa za dharura unapopimwa, na hapo ndipo wengi wanapochambua vibaya. Husema habari haikufika. Ilifika. Mpokea simu alifanya yake: alisikiliza, akaandika, akatangaza hewani. Redio za ndani ya jengo zilikuwa zikikatika, ni kweli, lakini wapo waliosikia, na kamera za vifuani mwao zimerekodi wakiambizana. Luteni Mariano Pargas, aliyekuwa kaimu mkuu wa polisi wa mji siku hiyo kwa kuwa mkuu wake alikuwa likizo, alizungumza na kituo kwa simu na kuambiwa juu ya watoto wanane au tisa. Rekodi hiyo ilirushwa na CNN Novemba 2022, naye akajiuzulu mwezi huo huo.

Habari ilifika masikioni ikakosa mtu wa kuigeuza kuwa amri. Kila aliyesikia alidhani kuna mwenye dhamana mahali fulani anayesikia pia. Baadhi waliamini Arredondo yuko ndani ya chumba akizungumza na mshambuliaji. Arredondo hakuwa chumbani na hakuwa na redio.

Watu 376

Waliofika ni maafisa 376. Walinzi wa mpaka walikuwa 149, askari wa jimbo 91, polisi wa mji 25, watu wa sherifu 16, polisi wa shule watano. Tazama hizo hesabu, kisha uniambie kama kisa hiki kinaweza kuwekwa kichwani mwa mkuu mmoja wa idara ya watu sita. Juni 2022 Kanali Steve McCraw, mkuu wa askari wa jimbo, aliliambia Seneti ya Texas kwamba dakika tatu tu baada ya mshambuliaji kuingia palikuwa na askari wa kutosha wenye silaha wa kummaliza, na kwamba kilichowazuia ni kamanda wa tukio. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo naikubali. Nusu ya pili inamwacha Kanali na askari wake 91 wakitoka wasafi mno.

Mfumo wa Marekani wa kusimamia matukio, unaofundishwa nchi nzima tangu miaka ya mwanzo ya 2000, unasema wazi: afisa wa kwanza mwenye uwezo huchukua amri, huitangaza redioni, huweka kituo cha amri, kisha humkabidhi anayefaa zaidi akifika. Na anayefika na kukuta amri haipo anatakiwa aulize, na asipopata jibu, aichukue. Walikuwepo wasimamizi wengi korido ile na nje yake: makamanda, maluteni, masajini wa vyombo tofauti. Kamati ya Bunge la Texas iliwataja wote kuwa walishindwa wajibu huo. Wizara ya Sheria ya Marekani, katika ripoti yake ya Januari 18, 2024, ilikuta mlolongo wa makosa ya uongozi, uamuzi, mbinu, sera na mafunzo, na Mwanasheria Mkuu Merrick Garland akasema kwamba kama kanuni zinazokubalika zingefuatwa, kuna watu wangekuwa hai.

Arredondo kwa upande wake aliliambia gazeti la Texas Tribune kwamba hakujiona kuwa kamanda wa tukio. Alidhani mwingine, mwenye kikosi kikubwa, ameichukua kazi hiyo. Wengi walimcheka. Mimi naona ndiyo kauli ya kweli kuliko zote zilizotolewa, na ndiyo inayomwelemea zaidi. Katika idara ya watu sita mkuu hufanya kila kitu: anasimama getini asubuhi, anaamua ugomvi wa wanafunzi, anajibu simu. Hana naibu wa kumwambia, "Mkuu, wewe rudi kwenye redio, mlango tuachie sisi." Desturi ya kazi yake ya kila siku ilimfundisha kwamba kuongoza ni kutangulia. Mpango alioshiriki kuuandika ulimtaka arudi nyuma hatua ishirini, na hakuna mazoezi yaliyomlazimisha kuzirudi hatua hizo hata mara moja huku mwingine akitangulia.

Mitaani watu walikuwa na picha nyingine ya korido ile, iliyotokana na video ya kamera ya shule ambayo gazeti la Austin American-Statesman liliichapisha Julai 2022. Afisa mmoja, mwenye kofia ya chuma na fulana ya kuzuia risasi, anasogea ukutani, anabonyeza kitakasa mikono, anasugua viganja vyake. Wamesimama, wanasubiri kuambiwa.

Wazazi

Taarifa za dharura zina upande mwingine, na Uvalde upande huo ulikwenda vibaya vivyo hivyo. Mshambuliaji akiwa bado ndani, ukurasa wa wilaya uliwatangazia wazazi kwamba wanafunzi na wafanyakazi wako salama majengoni. Wazazi waliokuwa nje ya shule walisikia risasi kwa masikio yao. Waliotaka kuingia walizuiwa, na mama mmoja akatiwa pingu. Mchana ulipogeuka walipelekwa kwenye ukumbi wa mji, wakapanga foleni kungoja mabasi. Ripoti ya Wizara ya Sheria inasimulia kwamba familia ziliambiwa kuna basi moja zaidi la watoto linakuja. Halikuwepo. Mwendesha mashtaka wa wilaya aliwaambia watu ukumbini kwamba itabidi wasubiri matokeo ya uchunguzi wa maiti, na hapo ndipo baadhi ya wazazi walipofahamu kwamba wanazungumziwa watoto waliokufa. Walitoa mate yao kwa vipimo vya vinasaba, usiku ukaingia, na waliokuja kuwapa habari za kifo wengine hawakuwa wamewahi kufundishwa namna ya kuzitoa.

Huku kwetu habari ya msiba ina mwenyewe: anatafutwa mzee au ndugu mwenye busara, anaketi na mfiwa, anaanza kwa mbali. Ukumbini Uvalde kazi hiyo haikupewa mtu. Ni kiti kile kile kikiwa kitupu mara ya pili.

Arredondo alifukuzwa kazi na bodi ya shule Agosti 24, 2022. Juni 2024 alishtakiwa kwa makosa kumi ya kuhatarisha watoto, akakana yote. Mji ulifikia makubaliano ya dola milioni mbili na familia za watoto na walimu. Mwaka 2025 Texas ikapitisha sheria iliyobeba jina la Uvalde, iliyopelekwa bungeni na mtu aliyekuwa meya wa mji siku ya mauaji. Inazitaka shule na vyombo vya polisi kukutana kila mwaka kupanga nani atafanya nini, na kila shule iwe na zana ya kuvunjia mlango na ngao ya kuzuia risasi.

Ngao ya kwanza Robb ilifika saa 5:52. Ilikaa kwenye korido dakika 58.